Wote Wamefumba Macho

…na shavu lake limelala juu ya jina la Nikodemu, mvulana asiyemjua hata kwa sura, jina lililochongwa kwa bikari kwenye mbao ya dawati, na ukifumba macho herufi zinachoma zaidi, Benedicta anazisoma kwa ngozi ya shavu huku Mwalimu Mwinshehe akipita katikati ya madawati, viatu vinalia kwichi, kwichi, "Nyuso chini, hakuna kuchungulia, nataja jina, unayejua kuwa ndiye nyoosha mkono, basi," anasema kwa upole kama anayegawa peremende, na nje kwenye Barabara ya Kilwa malori yanaunguruma, mtu anatangaza viatu vya mtumba kwa kipaza sauti, dunia haina habari kabisa, humu darasa la sita zima limelala kifudifudi kimya, kimya mno, watoto hawanyamazi hivi hata wakilala kweli… ni kura tu, asiogope, kule Muleba hakukuwa na kura, mwalimu aliuliza, msipojibu mnachapwa wote, yanaisha, mnaenda kucheza, lakini baba akahamishiwa ofisi ya huku, wakabeba magodoro yao mpaka Mtoni, na siku ya kwanza tu Nusaiba, yule monita, alimwambia, "Mgeni, sie huku tunapigaga kura, na darasa letu halikoseagi," akimnyooshea kola ya shati jipya kama mama, na alipouliza huyu Nikodemu alifanya nini mpaka nafasi yake ikawa wazi, mmoja alisema aliiba chaki, mwingine akasema wapi, alivunja kioo cha ofisi, wa tatu akasema alimtukana mwalimu wa zamu, kila mtu na kosa lake, ila wote walikuwa na hakika kuwa ni yeye, "Hata mwenyewe alinyoosha mkono," Tabu alisema huku akimenya embe, na Benedicta akacheka, alidhani anataniwa… Tabu yuko hapa kushoto, dawati moja, anamsikia anavyopumua, Tabu aliyekuwa wa kwanza kumwita Bene wakati wenzake wanamwita Mgeni na kuiga anavyovuta maneno, Tabu ndiye rafiki yake, hana mwingine shule nzima, na leo atakayepata kura anaondoka na begi lake asirudi, mwalimu mkuu ameshasema paredini, maana jana wakati wa mapumziko mtu alimwaga sabuni ya unga kwenye ndoo ya maji ya kunywa na watoto wa darasa la kwanza wakatapika povu, povu, maskini, mmoja alikuwa analia na povu linatoka puani… "Suhaib," mwalimu anasema, kimya, "Zubeda," kimya, hata dawati halilii, "Tabu Marijani"… na hapo anasikia nguo, shati moja mbele linachakacha, halafu jingine upande wa dirisha, halafu mengi, safu kwa safu, yanakuja kuelekea nyuma, na hakuna anayeona mwenzake, sasa wamejuaje, wamejuaje wote kwa pamoja, si kweli, jana mapumziko yote walikuwa wawili pale ukutani karibu na geti wakila embe bichi kwa chumvi na pilipili, Tabu akimpa vipande vyenye chumvi nyingi, hakuondoka hata mara moja, hakuondoka… Dada Clara anayekaa hosteli Mabibo na kusoma mambo ya akili za watu alikuja Jumapili akawasimulia, watu wameonyeshwa mistari, mfupi na mrefu, wote ila mmoja wamepangwa waseme mfupi ndio mrefu, na yule mmoja asiyejua mpango naye anasema hivyo hivyo, wengine wanasema ili wasichekwe, na wengine, Clara akapunguza sauti, wengine wanauona mrefu kweli, "Mie sikubali ng'o!" Benedicta alisema, mama akacheka akamwongezea ndizi, ilikuwa rahisi kusema pale mezani na ndizi za moto… hakuondoka, au alikwenda kunawa, kidogo tu, mtu akila embe lazima anawe, na vidole vyake vilikuwa vyeupe, chumvi, ilikuwa chumvi, alivilamba, alivilamba kweli au alivifuta kwenye sketi? "Naona bado kuna mkono," mwalimu anasema, kwichi, kwichi, viatu vimesimama karibu, "naona bado kuna mkono haujajua," wa nani, wake, ni wake, na wasipomtaja Tabu watamtaja nani kama si yeye, mgeni peke yake humu, anaogopa, jamani anaogopa, na begani pake kuna ubaridi, kwapa limepata upepo… uko juu. Mkono wake uko juu, tangu saa ngapi hajui, hakuunyanyua yeye, anataka kuushusha lakini ni mwepesi ajabu, na anafanya lile lililokatazwa, anafungua jicho moja, la kushoto, kidogo tu, na anaona vidole vyenye hina ya Idi iliyobaki kwenye kucha, vimenyooka kuelekea dari, Tabu amefumba macho kwa nguvu, machozi yanamshuka, na mkono wake uko juu kuliko wa mtu yeyote, na Benedicta, Mungu amsamehe, anasikia raha, raha ya kutua mzigo, si unaona, hata mwenyewe anajua, darasa halikoseagi… "Usichungulie, Benedicta," sauti ya mwalimu ni ya upole vilevile, anafumba, na sasa gizani anaona vizuri kabisa, ndoo ya buluu, Tabu ameinama, pakiti imechanwa, unga mweupe unamiminika taratibu, na pembeni yake yupo msichana anayemshikia mfuniko, amempa Benedicta mgongo, shati jipya, kola imenyooshwa vizuri, na mikono yote darasani bado iko juu, na Benedicta anasubiri ageuke amwone ni nani.