Mkono wa Kushoto

Baba alirudi kutoka mlimani na majani ya mtaroni yamenasa kwenye bampa. Aliizima pikapu langoni, akashuka kwa tahadhari, maana tangu binti yake aiinue ilikuwa juu kama kitanda cha hospitali. Akamkabidhi binti funguo.

"Mkono," alisema. "Umenivutia kushoto mpaka mtaroni. Bahati yangu gari lilikuwa tupu."

Mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto, ule uliolegea kiharusi kilipompiga. Kutwa aliufanyisha mazoezi huku akiutania kwamba zamani ulibeba magunia, siku hizi unabishana na kijiko. Alichotaka ni kurudia kazi yake ya kuwapelekea miche wakulima wa mlimani. Lakini mvua zilikuwa zimeiharibu njia, mawe yanakwaruza tumbo la gari, ndipo binti yake, fundi magari aliyeaminika mtaa mzima, akaiinua kwa springi ndefu.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. "Basi yaishe. Yule jirani aliyetaka kuinunua aje kesho aichukue. Sitaki kuletewa mume kwenye machela."

Baba aliingia ndani akaketi, mkono wa kushoto ameuweka mapajani kama mtoto mtukutu aliyeshindikana. Fundi alimwonea huruma, na hakuwa na shaka. Yeye pia aliamini kuwa ni mkono.

Asubuhi aliichukua pikapu akaioshe kabla jirani hajafika. Alipokatiza uwanja wa mpira, ulio tambarare kama meza, aliachia usukani apandishe kioo. Gari likaanza kujivuta kushoto, taratibu, kama punda anayekumbuka njia ya nyumbani. Akalirudisha katikati, akaachia tena. Likaenda kushoto tena. Na mikono yake yote miwili ilikuwa mizima.

Alishuka akachuchumaa mbele ya gari. Tairi la kushoto lilikuwa limelalia nje kwa juu, kidogo tu, ila kwa jicho lake ilikuwa aibu tupu. Akakumbuka. Siku alipoiinua, baba alikuwa amesimama mlangoni na kofia kichwani, hana subira. Fundi aliishusha pikapu kutoka kwenye jeki, akapima mwinamo wa matairi papo hapo kwa timazi, ule uzi wa kupimia wima, akakaza boliti. Hakuisukuma mbele na nyuma, hakuitikisa springi zikae. Alipima gari ambalo lilikuwa bado halijatua. Kisha akalizungusha uani tu, basi.

Usiku kucha baba yake alikuwa amelala na kosa ambalo si lake.

Alimkuta kibarazani.

"Baba, si mkono. Ni alaimenti, matairi hayajanyooka. Nilipima vibaya."

"Kwa hiyo haukuwa mkono?"

"Haukuwa mkono. Ni mimi."

"Nenda kamwambie mama yako. Kwa sauti, nami nisikie."

Mama alisikia, akaguna, akasema jirani atasubiri hadi jioni, si zaidi.

Safari hii hawakufanya haraka. Waliisukuma pikapu mbele, wakairudisha, kisha wakasimama pande mbili za boneti wakiikandamiza hadi springi zikaacha kulalamika. Baba alipanda akakaa kwenye kiti cha dereva ili uzito uwe ule ule utakaosafiri. Fundi akateremsha timazi, akalegeza, akakaza, akapima tena, akaomba isukumwe upya.

Uwanjani, baba aliendesha, binti ubavuni.

"Tusidanganyane," alisema mzee. "Huu mkono nao si mzima."

"Najua, Baba."

Akanyanyua mkono wa kulia, ule mzuri, akauweka gotini. Wa kushoto ukabaki peke yake kwenye usukani, vidole vikitetemeka kidogo. Binti alikalia mikono yake mwenyewe isije ikamsaliti. Pikapu ilikwenda moja kwa moja, kutoka goli hadi goli.

Mwisho wa uwanja njia ya nyumbani ilikuwa kulia. Baba akawasha taa ya kuashiria kushoto, upande wa mlimani.

"Miche hatujapakia," binti alisema.

"Najua. Twende tukaione njia tu."