Chini ya Herufi C

Giza lilipoanza kuingia, Mujinga, karani wa maktaba, akiwa bado anarudisha rafuni kamusi za wafalme na mashujaa wa kale, wafalme wenyewe waliingia maktabani, kama walivyozoea kila majira ya baridi hapo Evere, kwa Wabelgiji. Walikung'uta mvua mabegani, wakaketi kwenye meza ndefu, kila mmoja mbele ya ukurasa unaomtaja. Aliyetajwa hupata kiti. Asiyetajwa husimama.

Mmoja alisimama, karibu na kipasha joto ambacho hakikumpasha. Alikuwa mfalme wa huko Katanga, kwao nyanya yake Mujinga, na hakuwa na kichwa. Askari wa Wazungu walikikata wakakileta mji huu ndani ya sanduku. Sauti yake ilitoka kifuani.

"Mutoto yangu, miguu inaniuma. Angalia tena."

Mujinga alimwendea Ghislain, msimamizi wake, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye kazini wote walimwita chef, yaani mkubwa. Alikuwa akimalizia kahawa.

"Chef, ule papa, ule muzee, anaomba kiti."

"Alikuwa roi?"

"Kwao alikuwa mfalme."

"Kwao, ndiyo. Lakini Wabelgiji hawakuandika roi, waliandika chef, mukubwa wa kijiji tu. Donc angalia kwa C."

Mujinga aliangalia. Kamusi ilisema: Chef, neno la Kifaransa cha zamani, maana yake kichwa. Basi.

Ghislain alisoma akichungulia juu ya bega lake. "Bon. Mimi niko chef, na kichwa niko nacho. Yeye atakaa hapo namna gani?"

Hakusema kwa ubaya. Alikwenda kuosha kikombe.

Mujinga alirudi, akamweleza mzee neno kwa neno. Maji ya mvua yalimtiririka shingoni, yakaingia ndani ya kola.

"Waliniita kichwa, kisha wakakikata," alisema. "Hicho kitabu kinasema kichwa changu kiko wapi?"

Mujinga alifunua. Baada ya Chef ilifuata Cheval, farasi. Farasi wa wale waliokuwa wameketi mezani waliandikwa wote, kila mmoja kwa jina lake, rangi yake na mahali alipozikwa.

"Hakisemi, papa. Hapa kuna farasi tu."

"Unisomee basi hao farasi."

Mzee alisogea karibu na sauti ya Mujinga, akiwa amesimama vilevile, na Mujinga akamsomea farasi mmoja mmoja mpaka maktaba ikafungwa.