Verlin wa Vipande Vinne

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Verlin Stokke aliinama kwenye kiti cha jikoni afunge kamba za viatu, akaachana kiunoni. Ulitoka mlio mdogo, wa kizibo kinapong'oka kwenye chupa. Nusu ya juu ikalala mezani kando ya sahani ya mayai, na nusu ya chini ikabaki kitini na mguu mmoja umekunjwa. Binti yake Janeen, aliyekuwa akigeuza chapati za maziwa kwenye kikaango, alizima jiko kwanza.

Damu haikuwepo. Pale alipoachana palikuwa mviringo na laini, rangi ya asali, na kutoka nusu ya chini kilichomoza kijiti kifupi kilichochongwa ili kiingie ndani ya mwenzake. Janeen alikipitishia kidole kukizunguka. Hakikuwa na ufa.

"Paka nta kwanza," alisema Verlin kutoka mezani. "Na usizungushe. Sukuma tu."

"Baba, najua."

"Unajua, ila una haraka."

Alitafuta kwenye droo kipande cha mshumaa kilichobaki kwenye keki ya siku ya kuzaliwa, akakisugua kwenye maungio, kisha akafumba jicho moja na kulinganisha vifungo vya shati na zipu ya suruali. Pale mjini vipete vya ufito wa kuvulia hulinganishwa hivyo hivyo. Akasukuma. Verlin akasimama, akajinyoosha, akamalizia mayai yaliyokuwa yamepoa.

Mji wao wa Harlan Fork, ulioko milimani Montana, unaishi kwa fito hizo. Kiwanda ni kimoja tu, na fito zake ni za faibaglasi, nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, za kuvulia kwa nzi wa bandia, yaani chambo cha manyoya. Watu wa mbali wanazipenda kupita kiasi. Kwanza ni nyepesi, hata mtu anaweza kwenda kufungua geti akasahau kwamba ameshika ufito mkononi. Zinatenguka vipande vinne, zinaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na soksi na mikate, na mwanasheria wa Denver anaweza kuuficha wake chini ya meza ya ofisi mwaka mzima, akijidanganya kila Ijumaa kwamba leo atatoroka. Fito za kaboni ni ngumu na zina papara. Faibaglasi hupinda taratibu mpaka kwenye mpini, humsamehe mvuvi makosa yake, na samaki wa ukubwa wa kiganja akivuta, mkono unaapa kwamba umekamata kitu cha kusimulia wajukuu.

Lakini kabla ya ufito kufika huko lazima upigwe msasa, na msasa hutoa vumbi. Verlin alipiga msasa na kulivuta vumbi hilo tangu Janeen hajaota meno. Ni vumbi jeupe, zuri kwa kuangalia jua likipita, na lina miba midogo isiyoonekana. Wake za wafanyakazi hufua nguo za kiwandani peke yake, katika mashine kuukuu iliyowekwa gereji. Anayesahau akachanganya na za watoto, Jumapili kanisani benchi lake zima litajikuna wimbo baada ya wimbo, na kila mtu atajua. Mama yake Janeen alichanganya mara moja mwanzoni mwa ndoa, na aliona haya miaka yote. Mwishowe alihamia kwa dada yake huko Spokane, mahali ambapo nguo haziwashi, wala hakuna aliyemlaumu.

Verlin alipostaafu, Janeen alikalia kigoda chake katika chumba cha msasa. Dirisha la chumba lilikuwa lile lile, lililopigiliwa misumari lisifunguke.

Kufika Pasaka Verlin alikuwa anaachana pia shingoni na magotini, miguu miwili ikihesabiwa kipande kimoja, kwa hiyo akawa wa vipande vinne, na hakuongezeka tena. Alikuwa amepungua uzito mno. Zahanatini ilibidi avae koti na kushika viatu mkononi ndipo mizani ishtuke. Picha ya kifua ilitoka tupu. Daktari aliiweka dirishani na wote watatu wakaona kupitia kwayo magari yaliyoegeshwa nje. Daktari, ambaye aliajiriwa na kiwanda, alisema ni sigara. Verlin alisema hajawahi kuvuta hata moja. Basi ni umri, alisema daktari, akawafungulia mlango kwa heshima.

Verlin hakujihurumia sana. Kilichomnyima raha kilikuwa feni. Kiwandani kulikuwa na feni moja kubwa ya kuvuta vumbi, nayo ilifungwa katika chumba cha vanishi, ambamo hakuna anayepiga msasa. Alikuwa ameizoea kiasi kwamba hakuwahi kuiuliza. Sasa alimwona Janeen akirudi jioni na kope nyeupe, akikohoa kikohozi kile kidogo kikavu alichokijua, na ile feni haikumtoka kichwani. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: feni ihamishiwe kwa Janeen.

Siku waliyokwenda kulikuwa na upepo, na Verlin asingeweza kuvuka uwanja wa kiwanda bila kupeperuka. Janeen akamtengua, akamfunga kwa blanketi, akambeba begani. Watu waliokuwa wakivuta sigara langoni walimsalimia kwa kugusa kofia. Meneja, Kirby Olmstead, alingoja kwa subira huku Janeen akimuunganisha baba yake juu ya zulia, kisha akawaletea kahawa.

"Kirby, sikuja kujililia," alisema Verlin. "Mimi nimekwisha. Ile feni ya vanishi muipeleke kwa Janeen. Hata nusu siku tu."

"Verlin, feni ni moja. Nikiihamisha, vumbi linatua kwenye vanishi. Mteja akiona punje moja tu, ufito unarudi."

"Na la kifuani?"

"La kifuani mteja halioni," alisema Kirby, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekuja kwenye harusi ya Verlin na zawadi ya jokofu dogo la kubebea bia.

Kisha akaomba ruhusa, akamshika Verlin vifundo vya miguu, akamtikisa kidogo. Kichwa cha Verlin kilichora upinde mpana hewani, kikarudi mahali pake, kikatulia papo hapo. Kirby alirudia mara nyingine. Akamwita mbunifu wa fito kutoka chumba cha pili, naye akaja na kipimo chake cha chuma, wakampima unene kuanzia utosini hadi kisigino huku Verlin akishikilia kikombe cha kahawa kisimwagike. Walisema hawajaona mpindo mtulivu kama huo tangu kiwanda kifunguliwe. Suala la feni lingepelekwa kwenye kikao cha vuli, Kirby aliahidi. Wakati wa kuondoka walimpa mfuko wa kitambaa wenye vifuko vinne, jina lake limeshonwa juu yake, pamoja na bomba la alumini la kumbebea.

Theluji ya milimani ilipomaliza kuyeyuka, ufito mpya ulikuwa sokoni, na jina lake lilikuwa Verlin. Ulikwisha wote kabla mto haujapungua maji. Waandishi wa majarida waliandika kwamba una roho ya mzee mpole. Kazi iliongezeka, na chumba cha msasa kikaanza kufunguliwa Jumamosi pia.

Jumapili moja ya Julai, Verlin alimwomba bintiye ampeleke kijito cha juu, kwenye vidimbwi vya chini ya misonobari. Maisha yake yote alikuwa amevua mara za kuhesabika, kwa kuwa Jumamosi zilikuwa za kazi za nyumbani na Jumapili mwili ulitaka kulala. Janeen alimbeba ndani ya bomba lake, kilima chote, pamoja na mikate ya nyama ya paa na ufito ambao kiwanda humpa kila anayestaafu. Kufika, Verlin aliutazama ule ufito akasema hakuna haja ya kuchosha fito mbili. Amtumie yeye mwenyewe.

Basi Janeen akamuunganisha, akafunga kigurudumu cha mshipi kwenye vifundo vya miguu yake, akapitisha mshipi katika vitanzi vya mkanda, katika tundu za vifungo vya shati, hadi ukatokea kwenye mkono wa miwani yake. Nzi alikuwa wa manyoya ya kware. Akamshika vifundo kwa mikono miwili, akamrusha nyuma, akangoja kidogo jinsi faibaglasi inavyotaka kungojwa, akamrusha mbele. Nzi alitua majini bila kutikisa chochote. Mvutano ukaja, na Verlin akapinda wote, kuanzia kisogo hadi visigino, akaanza kucheka.

"Janeen, umekamata ndama?"

"Ni kiganja tu, Baba."

"Mwongo wewe."

Janeen akamwinua samaki ili baba yake amwone. Alikuwa trauti mdogo mwenye madoa mekundu, hakufika hata kiganja. Verlin alimtazama kwa muda mrefu.

"Sasa naelewa wanachonunua," alisema.

Janeen alimrudisha samaki majini, akarusha tena, na tena, na walikamata wengine wadogo wadogo. Kwa saa chache alikuwa na furaha aliyoisahau. Na hapo ndipo alipokosea. Kila mvuvi wa Harlan Fork husimama kila baada ya muda akabana maungio, kwa kuwa hulegea yenyewe kwa kurusha. Janeen huwaambia hivyo wageni kila siku ya maonyesho ya kiwanda. Siku ile hakusimama. Aliporusha mara nyingine, kipande cha juu cha Verlin kilichomoka kwa ule mlio mdogo, kikaruka pamoja na nzi, mshipi ukakatika, kikaangukia chini ya kidimbwi ambako maji yana kasi.

Kilielea vizuri, kwa vile kilikuwa chepesi. Janeen alikimbia juu ya mawe huku amekumbatia vipande vitatu vilivyobaki. Verlin aligeuzwa na maji akamwangalia, miwani bado iko machoni, wala hakupaza sauti.

"Janeen, usiiache ile feni," alisema, kisha akapita kona ya mierebi.

Walimtafuta chini ya kila daraja, majirani na pikapu zao, na Kirby mwenyewe alivaa buti za mpira akaingia mtoni hadi kiunoni. Hawakumpata.

Kiwanda kina dhamana ya kipande cha juu: kikivunjika au kupotea, mmiliki wa kwanza hupewa kingine, bila maswali. Kirby alifikiri kidogo akaamua kwamba mmiliki wa kwanza ni Janeen, na akamwondolea foleni. Kwa hiyo Alhamisi kabla ya chakula cha mchana, katika chumba chenye dirisha lililopigiliwa, Janeen alipiga msasa kipande kipya cha juu cha baba yake. Alilia akikitengeneza, na machozi yalimsaidia kidogo kutoa vumbi machoni. Kiliingia kwa msukumo mmoja.

Verlin sasa hukaa kitini kwake jikoni. Hana uso, hali wala hasemi, lakini Janeen akiongea ile ncha nyembamba huinama upande wa sauti. Jioni humweleza habari za mji, nani kauza nyumba na nani kajikuna kanisani.

Kikao cha vuli kilizungumzia feni, kama Kirby alivyoahidi. Maagizo yalikuwa yameongezeka maradufu, na ikaonekana feni moja haitoshi. Ikanunuliwa ya pili, mpya, isiyo na kelele, ikafungwa katika chumba cha vanishi karibu na ile ya kwanza. Habari hiyo Janeen hakumweleza Verlin siku ya kwanza. Alimweleza siku ya pili, na ncha haikuinama.

Wiki iliyofuata, alipovua glavu apate kunywa maji, kidole chake kidogo cha kushoto kilibaki ndani ya glavu. Alikitoa, akakiangalia kwenye mwanga. Kilikuwa laini, rangi ya asali, hakina ufa. Nta alikuwa nayo mfukoni mwa aproni. Akapaka, akalinganisha ukucha na kucha za vidole vingine, akasukuma bila kuzungusha. Akanywa maji, akavaa glavu, akachukua ufito uliofuata.