Zamu Niliyopewa

Mafunzo yalikwisha Ijumaa. Mwalimu kutoka Kinshasa alikuja kutufundisha upya kazi tuliyokuwa tukiifanya miaka yote pale uwanja wa ndege wa Kindu: kupanga mizigo ndege isilemee upande, kuzuia magurudumu kwa mbao, kumwelekeza rubani kwa mikono. Halafu akatuahidi jambo ambalo sisi watu wa chini hatukuwahi kulipata. Kila mmoja wetu angepanda mara moja, akae nyuma ya rubani mpaka Goma na kurudi, aone kazi yake inavyoonekana kutoka juu. Sharti lilikuwa moja: ukifika Goma hushuki. Unabaki na ndege, unatazama wenzako wa kule wanavyoipokea.

Mimi ndiye Kavugho wa mizani, mwanamke peke yangu katika kundi, na mdomo wangu ulijulikana mpaka soko la Kasuku. Mama yangu alikuwa mgonjwa, yuko Goma kwa mdogo wangu Kakule. Nilikuwa nimeomba ruhusa niende kumwona, lakini mkuu wetu, citoyen Matata, alikataa, eti watu ni wachache kazini. Tangu siku hiyo nilimnunia waziwazi.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Okito, mpakiaji wa mizigo. Jumatatu asubuhi Matata akaniita, akasema safari ile sasa ni yangu. Nikadhani Mungu amemlainisha moyo. Sharti au si sharti, Kakule angeweza kumleta mama mpaka kwenye seng'enge ya uwanja, nimshike hata vidole. Nikamwomba Matata ampashe Kakule habari kwa redio. Akanijibu kwamba Kakule anajua tayari.

Nilivaa kikwembe changu cha maua mekundu. Nikamtania Okito mbele ya wote, kwamba wazito wanabaki chini, wepesi wanaruka. Siku nyingine angenijibu kwa ukali. Safari hii alichukua mfuko wangu, akanisindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Enda tu, dada," akasema. "Miye nitapanda siku ingine."

Juu nilifurahi mno. Mto Lualaba ulijikunja katikati ya msitu, na uwanja wetu ulibaki mdogo kama kiraka cha suruali. Rubani, mtu wa Kisangani, alinieleza jinsi mzigo uliopangwa vibaya unavyovuta pua ya ndege. Nilimuuliza maswali bila kumpumzisha, nikacheka, hata nikaimba. Alinijibu kwa upole, ila hakunitazama usoni hata mara moja.

Goma mbao ziliwekwa, mlango ukafunguliwa. Nikabaki kitini kama nilivyofundishwa. Rubani akavua kofia.

"Shuka, mama. Leo hauna kazi humu ndani."

Nikamkumbusha sharti. Akanionyesha dirisha kwa kofia yake. Hapo nikachungulia dirishani, nikamwona Kakule ndani kabisa ya uwanja, mahali watu wa nje wasipokanyaga, pamoja na shangazi zangu waliojifunga vitambaa kiunoni, miguu bila viatu. Mama hakuwepo.

Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa mbali na ndugu zake. Anafikishwa kwanza mikononi mwao, ndipo anaelezwa. Najua, maana nami nimepima mizigo ya wafiwa wasiojua, nikiwatakia safari njema. Wote walijua, Matata, Okito, na huyu rubani niliyemwimbia. Nilitamani kuwatukana mmoja mmoja.

Kakule alinipokea chini ya ngazi. Nikamuuliza ni lini.

"Juzi, dada. Tulikungoja weye tu, tuzike leo."

Nikamuuliza kama mama alinitaja.

"Kila siku. Tulimuambia uko njiani."

Mama alikufa akisikiliza mlango, na mimi nilikuwa Kindu, napima magunia ya watu.