Filamu Aliyoipenda Othmani

...na bado anameza, nampa kijiko kingine cha uji, namfuta kidevu, kaka yangu Othmani, shingo haigeuki tangu bodaboda ilipombwaga pale Ilula, mikono imekufa, miguu imekufa, mdomo tu ndio mzima na mdomo unataka filamu, kila mchana hiyo hiyo, ya Kihindi, ya zamani, ilikaa dukani mpaka kasha likapauka kwa jua, hakuna aliyeitaka, mtafsiri mwenyewe anaongea kama ana mafua, kijiji, vumbi, binti amempenda kijana wa tabaka la chini, kaka zake wananoa mapanga, heshima ya ukoo, heshima, heshima... “Hapo sasa, tazama,” anasema, natazama, kijana anakimbia ndani ya miwa, ana masharubu membamba kama ya Liberatus, Liberatus wangu, Mhehe, Mkristo, aliyesema yuko tayari kusilimu, atakuja Ijumaa aongee na mama, Ijumaa hakuja, wala iliyofuata, mama akasema kumbe ana mke kijijini kwao Idodi, nikaamini, nikamlaani, miaka yote hii namlaani, mwoga, mwongo, nilimwombea huyo mke wake asizae... panga linashuka, Othmani anacheka, uji unamchuruzika shavuni, “Huyu anajikaza. Yule wako alilia kuliko huyu,” yule wangu yupi, sijui kama nimeuliza au midomo tu imecheza, “Liberatus, nani mwingine, alikuwa anakuita wewe, Shufaa, Shufaa, mpaka tukamjaza udongo mdomoni,” na macho yake hayatoki kwenye runinga... mama anajua? “Jembe alileta nani?” Mama, ambaye sasa hivi yuko barabarani anawakimbilia abiria na ndoo ya nyanya, mama anayenisifia kwa majirani, Shufaa wangu ana moyo, angalia anavyomlea kaka yake, na kweli nimemlea, nimemgeuza ubavu asioze, nimemtoa kinyesi kwa mikono hii, nimemwombea dua, Mungu wangu, nimemwombea huyu na kumlaani yule... anakohoa, “Shufaa, uji umepita vibaya, ninyanyue kichwa,” anakohoa tena, mishipa ya shingo imesimama, “dada,” anasema, dada, hajawahi kuniita dada, namsikia, namsikia vizuri kabisa, kwenye runinga wanamfungulia mlango binti waliyemfungia ndani, mama harudi mpaka jioni, nachota kijiko kingine, nakijaza...