Hina Mpaka Ncha

"Rudia," alisema binti wa dirisha la viza, na Arwa akaweka tena vidole vinne juu ya kioo. Mwanga wa kijani ukapita chini yake taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mvunguni, kisha ukageuka mwekundu.

"Rudia."

Badawi alisimama nyuma ya mstari wa manjano, pale wanapozuiliwa wasindikizaji, kofia yake imekunjwa mkononi. Aliviona vidole vya mwanawe vizuri. Vilikuwa vimeiva wekundu wa kiza kutoka fundo la mwisho hadi ncha. Bi Zeinab, jirani yao wa mtaa wa Bani Malik kule Jidda, hakosei hina.

Mwekundu tena.

"Ni hina hiyo," alisema binti yule. Kibandiko cha kifuani kilimwita Ibtisam. Hakukaripia, alikuwa amechoka tu. "Mashine haioni mistari ya kidole. Miadi nyingine ni mwezi ujao."

"Mwezi ujao hatupo," Badawi akasema kwa Kiarabu chake cha Jidda, akauvuka mstari bila kujua. "Ikama zetu za ukaazi zinakufa mwisho wa mwezi huu. Na bila ikama hamlipokei ombi lake. Si ndivyo mlivyoandika?"

"Ndivyo walivyoandika, ammi. Si mimi."

"Si wewe. Siku zote huwa si mtu yeyote."

Ibtisam akamtazama, akatazama vidole vya Arwa, akashusha pumzi. "Nendeni mkasugue. Rudini kabla sijafunga, baada ya Alasiri. Nitamjaribu mara moja tu."

Nje, jua la Riyadh lilikuwa limekaa juu ya mtaa wa Sulimaniyah kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Walitembea ukingoni mwa maduka, baba mbele, binti nyuma, mikono ameificha ndani ya abaya.

Mambo yalikuwa yameharibika tangu afe kafili mzee, mdhamini wao. Murad, mwanawe, aliliuza duka la dobi la mtaa wa Kandara ambamo Badawi alipiga pasi kanzu za watu tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi, kisha akamtumia ujumbe wa simu: halas, basi, kuondoka nchini moja kwa moja, wewe na binti yako. Hata salamu hakutia. Arwa alizaliwa Jidda. Unguja aliijua kwa misemo ya marehemu mama yake na kwa harufu ya karafuu katika pilau ya Idi. Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki wazi, nao ulikuwa mbali: chuo kikuu cha Oulu, kaskazini ya Ufini, kilikuwa kimempa nafasi na ufadhili asomee uhandisi wa maji. Ufini ikimpa kibali, ataruka kutoka Jidda moja kwa moja. Isipompa, atapandishwa ndege pamoja na babaake.

"Wangetwambia," Badawi alifoka. "Wakubwa hawa wanajua kuandika masharti ya kila kitu, hata ukubwa wa picha. La hina limewashinda?"

"Waliandika, Baba."

Akasimama.

"Nilisoma ndani ya basi la kuja huku, tushapita Taif," Arwa akasema. "Ningekwambia ungefanya nini? Ungesema turudi."

Juzi, baada ya Magharibi, Arwa alikuwa amemwambia Bi Zeinab, "Kiganjani tu, Bi Zeinab, ua moja linatosha." Bi Zeinab akacheka, akauliza, "Ua moja? Kwani unakwenda sokoni?" Na yeye Badawi, aliyekaa mlangoni kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe, ndiye aliyesema: "Mpake mpaka ncha. Kama mamaake alivyopakwa siku anaolewa."

Samia, mkewe. Zahanati ilimrudisha mlangoni akiumwa, kwa sababu ikama yake ilikuwa imekwisha, na ilikwisha kwa sababu kafili alikuwa mapumzikoni na hakutaka kusumbuliwa. Angekuwa mtoto wa kafili, angelala kitanda cha chuma. Yeye alilala kiti cha nyuma cha teksi, akafa hapo hapo. Mikono ile, ilipokoshwa kwa maziko, ilikuwa mitupu, haina hina.

"Twende," akasema.

Alilifuata joto la mvuke mpaka akalipata duka la dobi uchochoroni. Mpiga pasi alikuwa kijana Mkenya, Vincent, simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya maji ikipiga kelele za mpira.

"Nipe dawa ya madoa, mwanangu. Ile kali."

"Ya nguo gani, mzee?"

Badawi akaushika mkono wa Arwa, akauweka juu ya meza ya pasi.

Vincent akazima simu. "Aii, mzee. Hiyo ni ya nguo, bana. Si ya mtoto wa watu."

"Naijua mimi kabla hujazaliwa wewe."

"Sasa kama unaijua hivyo, mbona unaitaka?"

Maisha yake yote Badawi alikuwa amewaambia wateja kwamba hina haitoki: ikishika shuka, shuka hilo mpe mwenye hina. Vincent akamtazama Arwa, si babaake.

"Sistah, unataka?"

"Nataka kusoma," Arwa akasema.

Vincent alileta beseni, ndimu, chumvi na chupa ya plastiki. Dawa akaizimua kwa maji mara mbili zaidi ya alivyotaka Badawi. Baba akashika brashi ya kola. Alisugua kama alivyozoea, kutoka nje kwenda ndani, bila kubonyeza sana, kisha akabonyeza. Maji yakawa rangi ya kutu. Arwa alitazama feni.

"Nikiumiza sema."

"Endelea, Baba."

"Huko baridi yao inavunja chupa, nasikia."

"Ndiyo."

"Na mimi nitakuwa Unguja, sijui kwa nani."

"Endelea tu, Baba."

Akaendelea. Wekundu wa hina ukafifia, ukawa wa machungwa, kisha ukaja wekundu mwingine ambao haukuwa wa hina. Hapo Vincent akamshika mkono.

"Halas, mzee. Halas."

Waliporudi, viti vilikuwa karibu vitupu na mlinzi alikuwa ameanza kuteremsha lango la chuma. Ibtisam alimwelekeza Arwa kwa kidevu, na safari hii hakumkataza Badawi kuuvuka mstari.

Mkono wa kushoto. Mwanga ukapita, ukasita, ukawa kijani. Badawi akasema alhamdulillahi kimoyomoyo, akajilaumu kwa kuisema mapema.

Mkono wa kulia ndio uliosuguliwa zaidi. Arwa aliushusha polepole juu ya kioo, na mabega yake yakapanda.

"Bonyeza," alisema Ibtisam. "Zaidi. Usiutoe mpaka niseme."

Mwanga ukapita. Ukarudi. Ibtisam akaegemea kwenye skrini yake, ambayo wao hawakuweza kuiona, uso wake umekuwa wa buluu.

"Utoe."

Arwa akautoa. Juu ya kioo zilibaki alama nne, majimaji na nyekundu, na kila mstari wa kidole umejichora wazi, duara ndani ya duara. Badawi aliinama, akazitazama. Ibtisam alikuwa bado anaangalia skrini, akingoja ijibu, na mkono wake ulikuwa umeshachomoa kutoka kwenye boksi karatasi laini ya kufutia kioo.