Maganda Ndani ya Buti

Muuguzi Sia alikitazama kipimo, akanitazama mimi, akakitazama tena kana kwamba mmoja wetu ni mwongo.

"Mama Flora, unampikia nini huyu mzee?"

"Yale yale uliyosema ale mpaka ashibe. Kisamvu, mlenda, matembele, uyoga. Akilalamika namwongezea tango."

"Basi sukari isingekuwa hivi. Na hiki kidole…" Alimaliza kumfunga mume wangu bandeji mpya mguuni ndipo akaendelea. "Jumatatu daktari atakiangalia. Sukari isiposhuka watakikata. Na kidole kikikatwa halafu sukari ikabaki juu, mguu nao unapanga foleni."

Ladislaus mwenyewe alikuwa anatazama dari. Mtu anayetazama dari ya hospitali kwa bidii namna ile ana jambo lake.

Njia nzima hadi nyumbani, hapa Newala, nilikuwa navitazama viganja vyangu. Vimetoka malengelenge kwa kumtwangia kisamvu bwana huyu. Mmea wa muhogo ni mmoja, majani anakula atakavyo, mzizi haruhusiwi kugusa. Nilikuwa namtania, "Baba Flora, wewe sasa ni mtu wa ghorofani, sisi tuachie huku chini." Naye anacheka! Kumbe alikuwa ananicheka mimi.

Nyumbani nikashika ufagio, nikafagia chumba kama nafukuza mwizi. Chini ya kitanda nikavuta mabuti yake ya kupulizia salfa mikorosho, ambayo hajayavaa tangu kidonda kianze. La kushoto lilikuwa zito. Nikaligeuza. Yakamwagika maganda ya ming'oko, mengine makavu, mengine bado yana chumvi na pilipili.

"Baba Flora!"

"Hicho si chakula," akasema kabla sijauliza.

"Ni nini sasa? Soksi?"

"Ming'oko ni ya kutafuna tu, Mama Flora. Kitu cha kuchimba porini. Nani huku akishatafuna ming'oko anasema amekula? Halafu yule sista alikataza ugali, wali, viazi, mihogo. Ming'oko hakuitaja."

"Sia kwao Moshi! Ataitajaje kitu ambacho hajawahi kukiona? Kina unga kama muhogo, hata mtoto anauhisi mdomoni!"

Akarudia kutazama dari. Nyumba yetu haina hata dari, ni bati tupu.

Sikuuliza nani kaleta. Wifi yangu Veridiana, dada yake mkubwa, huja kila Jumapili kutoka Lukuledi na kikapu kilichofunikwa kitenge. Akifika ananiomba maji ya kunywa. Nikirudi na kikombe, mlango wa chumbani umefungwa, ati wanasali rozari.

Jumapili ile nilimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, wifi." Hasira ninayo, lakini amemtangulia mume wangu kuzaliwa.

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Fungua kikapu."

"Ala! Nimebeba korosho za magendo?"

Nikafunua mwenyewe. Ming'oko, bado ya moto.

"Kaka yangu unamlisha majani kama mbuzi!" akafoka, majirani wakatoa vichwa. "Mwaka wa njaa Ladislaus alikuwa kitoto, ngozi na mifupa. Mama alimrudisha kwa ming'oko hii hii. Leo wewe unasema inamuua?"

Habari ya njaa ile iliniingia. Lakini hasira haikushuka hata kidogo. Nikamvuta hadi chumbani, nikaleta beseni la maji ya uvuguvugu na bandeji, nikamwekea miguuni pa kaka yake.

"Leo kidonda unaosha wewe. Rozari nitasali mimi."

Akafungua bandeji. Harufu ilimfikia kwanza. Kidole kilikuwa cheusi. Veridiana alikishika kisigino kwa viganja viwili, akaosha polepole, machozi yakidondokea ndani ya beseni. Ladislaus akafungua mdomo.

"Nyamaza wewe," dada yake akamwambia.

Jumatatu walikikata. Mguu upo, na daktari anasema utabaki sukari ikikaa chini. Mimi sijamsamehe mtu, wala sina haraka.

Jumapili iliyofuata Veridiana alifika na kikapu chake. Nikamwamkia, akaitikia, akaondoa kitenge mwenyewe bila kuambiwa. Matembele mabichi, na uyoga juu yake bado una udongo.

"Chakula cha mbuzi wako," akasema, amenuna.

Nikapokea, nami nimenuna. Nikamwonyesha kinu. "Kisamvu kile pale. Twanga."

Alitwanga kwa nguvu, kila pigo kama kuna mtu mle ndani ya kinu, na nadhani ni mimi. Kutoka chumbani Ladislaus akaita, kwa sauti ya upole kabisa, akiuliza kama kuna chochote cha kutafuna.

"Tango!" tukafoka wote wawili.